Pedeli ya Kushoto

Mlio ulianza pale barabara inapoziacha nyumba na kushika kilima. Tak. Mguu wa kushoto ukishuka, tak. Mama Kidole akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetegea sikio sauti za jirani, akakanyaga tena. Tak.

Wenzake wa hospitali walikuwa mbele, wamejipanga mstari mmoja: muuguzi, mpishi, na mlinzi wa getini mwenye mapaja kama magogo. Nyuma ya wote ilijikokota ambulensi kuukuu na dereva wake, ambaye tangu safari ya baiskeli ianze kupangwa hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Kapteni. Kapteni alikuwa na sheria moja tu. Siku ya mwisho kabla ya safari, kila mtu apande kilima cha tangi la maji na kukishuka bila kuweka mguu chini. Atakayeuweka, abaki nyumbani. Huko waendako, alisema, kuna vilima vya kukifanya hiki kionekane kichuguu.

Mama Kidole hakutaka kubaki. Alikuwa dobi wa hospitali. Shuka za wodi zote zilipita mikononi mwake, na vitambaa vya watoto njiti, vidogo kama leso, alivifua peke yake, hakumwachia mtu. Binti yake alizaliwa njiti vilevile, kabla ya miezi kutimia, mdogo hata bibi yake akampa jina la Kidole. Alilala kwenye mashine ya joto pamoja na mtoto wa mama mwingine, kwa sababu mashine hazikutosha. Kidole alitoka. Yule mwenzake hakutoka. Kwa hiyo iliposemwa kwamba wafanyakazi wataendesha baiskeli hadi mwisho wa barabara kuu, na kwamba kila atakayefika salama ataiongezea wodi mchango wa mashine, dobi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na hata kuendesha alikuwa hajui. Alijifunzia uani, katikati ya kamba za kuanikia, huku wenzake wakimcheka nyuma ya mashuka.

Tak.

Sauti ile aliifahamu. Au tuseme aliufahamu wakati ilipozaliwa. Jana jioni, akiwa jikoni anapepeta mchele, alisikia chuma kikigongwa uani. Alipochungulia alimwona mumewe amechuchumaa kando ya baiskeli yake, ameshika ile spana kubwa ya mabomba, mishipa ya shingo imemtoka.

"Baba Kidole, unafanya nini?"

"Nakaza," alijibu bila kugeuka.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu juzi. Juzi walikuwa wamegombana, kama wanavyogombana watu wasiozoea: maneno machache, kisha kimya kinachojaa nyumba nzima. Mumewe alisema malori ya barabara kuu hayana mama wala baba. Mkewe akasema malori yapo hata mjini. Yeye akasema, "Basi nenda." Ikaishia hapo. Ila "nenda" lake lilikuwa na mlango uliofungwa ndani yake.

Sasa lori lilikuwa likipanda nyuma yake. Alilisikia likibadilisha gia, likikoroma. Akajiambia anyooke, asitazame nyuma, akanyage kwa nguvu alifikie jiwe jeupe lililokuwa juu kando ya barabara. Akasimama juu ya pedeli ili apate uzito.

Pedeli ikachomoka.

Mguu wa kushoto ukakanyaga hewa. Usukani ukakata kulia, kuelekea katikati ya barabara, na honi ya lori ikajaa masikioni kama maji. Hakufikiri. Alijirusha kushoto na baiskeli yote, akaburuzika kwenye changarawe, na upepo wa matairi makubwa ukampiga usoni ukapita. Aliposhusha pumzi alikuta amelala chali, kiwiko kinawaka moto, gurudumu la mbele bado linazunguka taratibu kana kwamba hakuna lililotokea.

Kapteni alishuka. Hakuuliza kwanza kuhusu baiskeli, alimgeuza mkono, akamminya bega, akamwambia akunje vidole. Aliporidhika akaenda kuiokota pedeli barabarani.

"Nani kaigusa hii?"

"Kwa nini?"

"Pedeli ya kushoto huingia kwa kuzungushwa kinyume na vitu vyote ulimwenguni. Na hii si ya kushoto. Ni ya kulia, imesukumizwa humo kwa nguvu mpaka meno ya tundu yakalika." Akampa. "Ukifunga hivi ni sawa na hujafunga. Mtu anayejua baiskeli hafanyi hivi kwa bahati mbaya."

Mama Kidole aliitia pedeli mfukoni bila kuitazama.

"Mguu nimeweka chini," alisema.

"Umeweka mwili mzima." Kapteni alitazama juu ya kilima, kule wenzake walikokuwa wakitokomea. "Magharibi nafunga gereji ya hospitali. Ukija na baiskeli nzima kabla sijafunga, utapanda peke yako, mimi nyuma yako. Ukichelewa, kesho tukiondoka utatupungia mkono. Sina namna nyingine, mama. Sitaki kukubeba kwenye gari nililozoea kuwabebea wengine."

Mama Kidole akaisukuma baiskeli hadi nyumbani. Njia nzima alipanga maneno na kuyapangua. *Anayejua baiskeli hafanyi hivi kwa bahati mbaya.* Mumewe aliendesha baiskeli tangu utotoni; kazini alikwenda nayo kila siku, mabomba yamefungwa kwenye fremu, boksi la zana nyuma. Kama kuna mtu anayejua baiskeli, ni yeye. Mawazo hayo aliyasukuma pembeni, nayo yakarudi. Nenda, alisema. Halafu akachukua spana.

Alimkuta mezani, amerudi kula. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka na Kidole, anamvua kiatu ambacho mtoto alikuwa akikitafuna.

"Mama Kidole, mbona unavuja damu?" mama mkwe akauliza. "Ndiyo huko kupanda kilima au mmepigana na kilima?"

Hakuna aliyecheka. Mumewe alikuwa ameshasimama. Mama Kidole akatoa pedeli mfukoni, akaiweka mezani kando ya sahani yake.

"Imechomoka mbele ya lori," alisema. "Lori limepita hapa." Akaonyesha kwa kiganja, karibu na sikio.

Uso wa mumewe ukabadilika rangi. Mkewe aliutazama kama anavyotazama shuka anapotafuta doa: pembe hadi pembe, bila haraka.

"Nataka uniambie kitu kimoja," akasema. "Usininunie, niambie. Ulitaka nisiende?"

"Nilitaka usiende."

Mama mkwe akaacha kiatu.

"Na bado sitaki," mumewe akaendelea, sauti imeshuka. "Hilo sikukuficha."

"Kapteni anasema hii ni ya kulia. Umeisukumiza kwenye tundu la kushoto. Anasema mtu anayejua baiskeli hafanyi hivyo kwa bahati mbaya."

"Ya kulia?" Akaichukua, akaigeuza, akaiangalia kama mtu aliyepewa kitu cha nchi nyingine. "Pedeli ina kulia na kushoto?"

"Unaniuliza mimi?"

"Mimi naendesha, Mama Kidole. Kabla ya jana sikuwahi kufungua pedeli maishani. Baiskeli yangu ikiharibika nampelekea fundi." Akakaa. "Ile yako ilikuwa inalia. Ulilalamika mwenyewe. Nikaitoa, nikakuta gololi zimekwisha. Nikaokota hii kwenye vyuma chakavu pale ninapojenga choo. Ilikataa kuingia. Nikasema labda kutu, nikaongeza nguvu."

Ilikuwa hadithi nzuri. Hilo ndilo lililomsumbua: ilikuwa nzuri mno, na yeye alitamani mno kuiamini. Akainyang'anya pedeli mkononi mwake, na kwa kuwa mikono yake haikuweza kushika kitu kichafu ikatulia, akaanza kuifuta kwa upindo wa kanga. Grisi ikatoka, mchanga ukatoka. Chini yake, kwenye meno ya chuma, ikatokea rangi nyeupe.

Akavuta kwa ukucha. Uzi mweupe laini ukaja, ukaendelea kuja, umezungushwa kwa utaratibu, zamu juu ya zamu.

Ulikuwa ule utepe ambao mafundi bomba hufunga kwenye mdomo wa bomba ili maji yasivuje.

"Umeweka utepe," alisema.

"Ndiyo. Ili ikaze."

"Kwenye pedeli."

"Sasa nifanyeje? Mimi ni fundi bomba."

Mama mkwe ndiye aliyeanza, kicheko cha puani alichojaribu kukibana kwa kiganja. "Mwanangu alitaka mkewe asivuje," alisema, "na tazama anavyovuja."

Mama Kidole hakucheka, ila alivuta kiti akakaa. Hakuna mtu anayezungushia utepe kitu anachotaka kidondoke.

"Ningetaka kukuzuia," mumewe alisema bila kumtazama, "ningeificha baiskeli. Lakini mimi si mtu wa kuficha. Mimi ni mtu wa kununa."

"Hilo nalijua."

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshavuka nusu ya ua. Mumewe akatoka nje, akalitazama tundu la pedeli, akaingiza kidole, akatikisa kichwa. Meno yalikuwa yamelika kabisa. Mkono mzima wa pedeli ulikuwa haufai tena. Akasimama akaenda kwenye baiskeli yake mwenyewe, ya aina ileile, akashusha boksi la zana, akafungua kamba za mabomba. Kisha akaanza kugonga kipini kinachoshika mkono wa kushoto.

"Na kazini utaendaje?"

"Kwa miguu. Mwenye bomba linalovuja haendi popote. Atanisubiri."

Mkono ukatoka na pedeli yake. Akauvika kwenye baiskeli ya mkewe, akagonga kipini, akakaza nati. Alipofika kwenye pedeli akasita, spana ikining'inia hewani. Akamtazama mkewe.

"Kushoto," alisema Mama Kidole. "Zungusha kushoto."

Akazungusha kushoto, taratibu, uso umekunjamana, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea.

Jua lilikuwa limegusa paa la gereji Mama Kidole alipofika, na Kapteni alikuwa ameshashika komeo. Aliiinua baiskeli, akazungusha pedeli kwa kidole, akavuta, akasukuma. Kisha akapanda gari.

Safari hii hapakuwa na wenzake wa kuwatazama mgongo. Palikuwa na kilima, na injini ya ambulensi nyuma, na mguu wake wa kushoto. Aliusikiliza. Kila uliposhuka alingoja ule mlio, na kila ulipokosekana alingoja unaofuata. Kwenye changarawe iliyobaki na alama ya mwili wake aliambiwa na kila mshipa asisimame juu ya pedeli. Ila bila kusimama kilima kile hakipandiki, si kwa baiskeli nzito namna ile. Lori jingine likaja nyuma ya ambulensi, likapiga honi, likaanza kupita.

Akasimama juu ya pedeli.

Ikashika. Lori likapita na vumbi lake. Akakanyaga tena, na tena, mapafu yanachanika, kiwiko kinapwita, mpaka tangi la maji likainuka mbele yake, likawa kando, likawa nyuma.

Kushuka ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa kuwa kasi haimpi mtu nafasi ya kusikiliza. Alishika breki kidogo kidogo kama alivyofundishwa, akaiacha miguu ikae sawa kwenye pedeli, uzito wake wote juu ya mkono wa chuma ambao asubuhi ile ulikuwa bado wa mumewe.

Chini, pale nyumba zinapoanza, mtu alikuwa ameketi kwenye jiwe na spana magotini. Alikuwa ametembea, viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Hakumtazama usoni. Alitazama mguu wa kushoto, akaufuata kwa macho ukija, ukipita, ukienda.

Mama Kidole hakusimama. Geti la hospitali, mwisho wa mtihani, lilikuwa bado mbele, na mguu haukuruhusiwa kugusa chini. Aliinua mkono mmoja tu kutoka kwenye usukani, haraka, akaurudisha.