Msumari Uliopinda

Binti yangu alikuja karakana kuagiza jeneza.

"Shikamoo baba. Nataka la mtu wa kimo changu. Mbao laini, lisipakwe rangi."

Hatukuwa tumeonana tangu tumzike mama yake. Jeneza la mke wangu nililitengeneza mwenyewe, kifuniko nikakipigilia mwenyewe, tulipotoka kuzika nikaketi nikala. Binti aliniangalia nikitafuna, macho yangu makavu. Kesho yake akahama.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hakuna. Ni la maonyesho. Nitalala ndani, watu wapigilie misumari."

Fupi, mwenzangu wa kazi, akaacha kupiga randa. "Binti, wateja wetu huwa hawainuki kulalamika. Usituletee balaa."

Binti akacheka. Kisha akanigeukia mimi, hacheki tena. "Uje, baba. Nataka nijue kama una moyo. Nikiona hauna, sitakusumbua tena maishani."

Nikalitengeneza. Sikuhitaji kumpima, kimo ni kilekile cha mama yake. Mikono ilifanya kazi, mimi sijui nilikuwa wapi. Upande wa kichwani nikatoboa matundu madogo ya hewa. Fupi aliona, akanyamaza, kama alivyonyamaza safari iliyopita.

Ukumbi ulikuwa wa viti vya plastiki na taa moja kali juu ya jeneza. Ukutani wamebandika karatasi: PIGILIA, AU ZUIA WANAOPIGILIA. Binti akaingia, akalala, kifuniko kikafunikwa. Nyundo na misumari vilikuwa juu ya kigoda.

Mwanzo watu walitazamana tu. Kisha jamaa mmoja wa suti akainuka anachekacheka, akampa rafiki yake simu ampige picha, akagonga. Baada ya hapo ikawa foleni.

"Mna akili nyinyi?" akafoka mama mmoja mnene nyuma yangu. "Mtoto wa mtu yumo humo!"

"Si kajilaza mwenyewe?" mtu akamjibu.

"Hata kama! Akikosa hewa je?"

"Basi nenda kamtoe, mama."

Hakwenda. Alilia, akapenga kamasi, akabaki kitini. Msichana mwingine alipigilia huku machozi yanamtiririka, akarudi kukaa, anaitazama mikono yake.

Mimi nilisubiri kitu kinichome. Mwanangu yumo ndani ya sanduku, watu wanamfungia. Hakuna kilichonichoma. Kifua kilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unaubonyeza, unaona ni nyama ya mtu mwingine.

Jamaa wa suti akarudi kupiga msumari wa pili. Msumari ukapinda, kichwa kikalala kando, ubao ukaanza kuchanika. Akauacha hivyohivyo.

Nikasimama.

"Huyo ndiye baba yake," mtu akanong'ona. "Haya, sasa anamtoa."

Nikachukua nyundo, nikaigeuza, nikaung'oa ule msumari. Nikaunyoosha juu ya kigoda. Nikauhamisha kidogo, mahali ubao ni mzima, nikapiga: moja ya taratibu, mbili za nguvu. Kifuniko kikakaa sawa.

"Mungu wangu," akasema yule mama mnene.

Hapo ndipo nikaona nilichofanya.

"Baba," sauti ikatoka ndani.

"Naam."

"Nimekujua kwa mapigo. Ndivyo ulivyompigilia mama."

"Ulikuwa umepinda," nikasema.

Jeneza likatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nikaigeuza tena nyundo, nikaanza kung'oa misumari yote. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia. Kifuniko kilipotoka, binti alikuwa ameloa jasho, na kidole chake kimoja kimeingia kwenye tundu.

"Haya matundu nilikuagiza?"

"Hukuniagiza."

Akanitazama. Unga wa mbao ulikuwa umemganda kwenye kope.

"La mama lilikuwa nayo?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Sikupenda wasikie, lakini ndiye aliyeuliza.

"Lilikuwa nayo."

Akaninyooshea mkono, nikamvuta akaketi. Huko nyuma mtu alipiga makofi, kisha akaacha. Kifua changu kilikuwa vilevile. Mkono wake tu niliusikia, ulikuwa wa moto, na hakuuondoa.