Daftari la Paswadi

Kufikia saa sita na nusu Wekoye alikuwa ameshapangusa kaunta mara nne, na bado mikono yake ilitafuta kazi. Mjomba wake Eliakim angerudi saa nane. Alikuwa amepita asubuhi akitoka Kabuchai, kofia mkononi, akaomba kitu kidogo tu: afunguliwe barua pepe za binti yake, Edinah.

"Chuo cha wauguzi kule Bungoma kinangoja jibu lake leo, mwisho saa kumi," alisema. "Nataka kuwaandikia kwamba haendi. Si tulikubaliana kanisani atafundisha nasari pale Myanga? Sasa ati amebadilisha nia."

"Lakini mjomba, barua ni zake."

"Na yeye ni wa nani?"

Wekoye alimjibu kwamba mwenye saiba, Hiram, ametoka, asubiri ruhusa yake. Ilikuwa kweli, lakini ukweli wa hadi saa nane tu.

Saiba hiyo, duka la intaneti mjini Kitale, ilikuwa na kompyuta sita. Mwaka uliotangulia virusi vilizilaza zote, na Wekoye, ambaye alikuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi, akaziwekea mfumo wa Linux kwa CD za bure alizotumiwa kwa posta. Akazipanga hivi: mteja akiinuka, mashine inasahau alichoandika na kila alikopita. Alitembea kifua mbele wiki nzima. Alimwambia kila aliyeingia kwamba hapa hakuna atakayeacha siri yake kwenye kiti.

Ila chini ya kaunta kulikuwa na daftari. Wateja walisahau paswadi zao kila mara, kwa hiyo aliyewafungulia akaunti aliziandika humo, jina kwa jina, kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo. Ya Edinah ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa, kwa mwandiko wa Wekoye mwenyewe.

Alimpigia simu Edinah, aliyekuwa Kiminini kwa shangazi yake. Hapatikani. Akapiga tena. Mara ya tano ndipo sauti ikaja, mvua ikigonga mabati nyuma yake.

"Niaje, Weko. Mbona simu nyingi hivyo, kwani nyumba inaungua?"

Akamweleza mbio mbio. "Nipe ruhusa tu, nikubadilishie paswadi sasa hivi."

"Utaibadilishaje na huijui?"

"Ninayo. Niliiandika kwa daftari siku ile nilipokufungulia."

Edinah akapaza sauti juu ya mvua.

"Mwaka mzima umekuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Ulisoma?"

"Hata siku moja, Edinah."

"Na huyo Hiram? Na wale wanaokushikia kaunta ukienda chai?"

Wekoye hakuwahi kuwafikiria.

"Usiguse barua zangu," Edinah akasema. "Nakuja mwenyewe."

Wekoye alikaa, akasimama, akachungulia barabarani. Mvua ya Kiminini ilikuwa imefika Kitale. Akatoa daftari, akachukua kalamu ya wino mzito, akafuta paswadi ya Edinah hadi karatasi ikalowa. Juu yake kulikuwa na ya mwalimu Kizito. Chini, ya Beth wa duka la mbegu. Je, hao nao walijua? Akafuta ya Kizito. Akafuta ya Beth. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akazifuta zote.

Saa nane kasorobo Hiram aliingia na Eliakim, wakicheka.

"Leta daftari bana, tumsaidie mzee," Hiram alisema. Akafungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili. Kicheko kikamkauka. "Wekoye! Hii ni nini? Kesho mama Nyaruai akitaka kumwandikia mtoto wake wa Uingereza, utamwambia nini?"

"Nitamwomba msamaha. Halafu nitamfungulia akaunti nyingine, na paswadi aiweke mwenyewe."

"Kama utakuwa na kazi!"

"Mpwa wangu," Eliakim alisema polepole, "umenifungia mlango mimi?"

Wekoye alifungua kinywa, lakini mlango ndio uliofunguka. Edinah aliingia akichuruzika maji, viatu mkononi. Hakumsalimu mtu. Akaketi kwenye kompyuta ya pili, na baba yake akaenda kusimama nyuma ya bega lake.

"Baba, naomba usogee. Nikishatuma, nitakusomea kila neno, hata ukikasirika."

Mzee aliitazama shingo ya binti yake iliyolowa. Akasubiri mtu amtetee. Hiram alikuwa ameinamia daftari lake. Mwishowe mzee akasogea hadi dirishani, akaitazama mvua.

Wekoye alitabasamu, akasogea ili amwashie skrini.

"Na wewe pia," Edinah alisema.

Tabasamu likamfutika. Akageuka, akasimama bega kwa bega na mjomba wake, nao wakasikiliza vidole vikigonga vitufe, kimoja baada ya kingine.