Mtaro Katikati ya Chai

Kipchirchir aliwaambia watu wa Mogogosiek wachimbe mtaro wa bomba la maji uzunguke kupitia juu ya kilima, na wakachimba. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, tena mwenye bucha, na watu hawapendi kubishana na mtu anayeshinda na panga mkononi.

Njia fupi ilikuwepo. Kutoka kwenye chemchemi hadi sokoni ni mteremko mtupu, ila katikati kuna shamba la chai la Kipchirchir. Na chai haing'olewi. Huko mtu anaweza kukata mti alioachiwa na babake, lakini mchai unaguswa kwa vidole tu.

Kanisa lilitoa mabomba, diwani akatoa hotuba, wachuuzi wakatoa nguvu zao. Afisa wa afya alitoa onyo: mwezi ukiisha bila maji safi, soko linafungwa.

Siku ya kufungua, Apiyo, kiongozi wa akina mama wauza samaki, alizungusha mfereji wa maji pale sokoni. Ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza.

"Mzee," Apiyo akasema, "hii maji yako imekataa kupanda mlima. Hata mimi ningekataa."

Watu wakacheka.

"Tutaweka pampu," Kipchirchir akasema.

"Na stima itatoka wapi? Kwa ng'ombe?" Kisha Apiyo akaacha mzaha. "Sisi wengine hatuna hata shamba hapa, tunakaa nyumba za kampuni ya chai. Na tumechimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wewe, chairman, umetoa nini?"

Kipchirchir aligeuka. Akapanda kwenda nyumbani.

Mkewe, Chepkosgei, alikuwa akichuma chai, kikapu mgongoni.

"Baba Chelimo, maji imefika?"

"Imekataa."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kitu."

"Nilikuambia na macho."

Kipchirchir aliitazama ile michai. Waliipanda wawili mwaka waliooana, na karo yote ya mtoto wao Chelimo ilitoka humo. Akachukua jembe.

"Ukianza kung'oa, usiniite nione," Chepkosgei akasema, akaingia nyumbani.

Alipiga mchai wa kwanza. Kisiki hakikutikisika. Akapiga tena, jasho likamwingia machoni, mchai ukasimama pale pale kama unamdharau. Alipoinua kichwa, Chepkosgei alikuwa kando yake na jembe lake mwenyewe.

"Unapiga vibaya. Utaua na ile ya kando."

Kule sokoni watu walikuwa wameona. Hakuna aliyetumwa kuwaita. Walipanda na majembe, wakulima na wachuuzi, wazawa na wageni, Apiyo mbele bado na aproni yenye magamba ya samaki. Hakumsema tena Kipchirchir. Alishika mchai upande wa pili, wakavuta pamoja.

Bomba lilipitishwa hapo, maji yakafika sokoni kabla ya mwezi kuisha, na soko halikufungwa.

Mpaka leo ukisimama penye bucha unauona ule ufa kwenye chai, umenyooka kama njia iliyochanwa kichwani. Wageni huuliza ni ugonjwa gani ulioua chai ya watu namna hiyo. Kipchirchir huweka nyama chini kwanza.

"Hakuna ugonjwa. Hiyo ni yangu, nimeng'oa mimi."

"Na nani?" Apiyo hupaza sauti kutoka kwenye meza yake ya samaki.

"Na hawa," Kipchirchir husema, akionyesha soko zima kwa panga. "Na hawa wote."