Haluwa ya Kumpelekea Mzee Sultan

…na hii ya pili ni tamu zaidi, siwezi kukana, nilitaka isiwe tamu ili niondoke na ile ya bei ya chini bila kujilaumu, lakini zafarani imeshapanda puani, na Nabil muuzaji ananitazama ng'ambo ya kaunta, kijiko mkononi, "Mwanangu, hiyo ndiyo wanayonunua watu wa posa," amejuaje kwamba nakwenda kuposa, labda kanzu, labda jasho, kiyoyozi kinapuliza duka zima na mimi natoka jasho… dirhamu mia tatu pamoja na kisanduku chake cha nakshi, ile nyingine arubaini, kilo ni ileile moja, na baada ya alasiri nitakaa mbele ya Mzee Sultan, baba yake Kuruthum, watu waliohamia Deira, hapa Dubai, kutoka Unguja kabla sijazaliwa, niombe binti yao, mimi mbeba mizigo wa hoteli ya Al Mankhool, baba yangu yuko Pangani, ami sina hapa, mshenga wangu ni Zakayo, Mchaga wa chumbani kwetu, na huyo anapiga simu… "Nassir, uko wapi, kaka? Nimeshavaa koti, salamu yao nimeikariri mpaka nimechoka." Namwambia bado nachagua. "Chukua ya bei. Kwetu ningekwenda na pombe ya mbege, wangeuliza tu kama imeiva, lakini hao ni watu wa visanduku." Watu wa visanduku, anasema kweli, Kuruthum mwenyewe alinisimulia akicheka, kisanduku kama hiki walimpelekea shangazi yake, shangazi akampelekea mgonjwa, mgonjwa akampa jirani, mwezi haujaisha kikarudi kwao, utepe haujafunguliwa, haluwa imekauka ndani, kila mmoja aliiona ya thamani mno, asithubutu kuila… nilicheka naye, sasa sicheki, kwa sababu aliniambia na jingine, kwao haluwa ya posa ikifunguliwa palepale ikaletwa na kahawa, mposaji amekubaliwa, ikienda kabatini anaagwa kwa heshima na haitwi tena, na yule aliyenitangulia, mwenye gari, kisanduku chake kilikwenda kabatini… basi ya arubaini, ndani ya bakuli la plastiki, kabatini haitawekwa, lakini mzee ataliona bakuli, atajiuliza huyu atamlisha nini binti yangu, na nitakuwa nimempa jibu kabla sijafungua mdomo… au nimwambie Nabil aitie hii ya zafarani kwenye bakuli lile, kisanduku abaki nacho, bei itashuka kidogo, haluwa ni hiihii, nani atajua… hakuna atakayejua, lakini kumbe nilitaka wajue, nimesimama hapa kama mtu anayepima ladha, kumbe napima macho yao, Mzee Sultan akikitazama kisanduku, mama Kuruthum akiupapasa utepe, ladha sikuwa nikiifikiria hata kidogo mpaka kijiko kilipofika mdomoni… "Nassir, upo?" Zakayo bado yuko kwenye simu, nasema nipo, "Usije na kitu cha kunitia aibu, koti hili nimeazima," namwambia asivue, nakata… mama aliye nyuma yangu anahema, Nabil anagonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria, "Yalla, mwanangu, ipi?" na iliki ndiyo kwanza inafika kooni, nawaza mzee akiitia hii mdomoni, kama naye ataisikia ladha tu, kama nilivyoisikia mimi, na kama nitaweza kukaa pale nisitaje bei, wala leo wala tukishaoana, wala siku mzee atakayonitukana… namwambia Nabil hii ya zafarani, aitie kwenye bakuli, na mama Kuruthum akilitazama bakuli, akalipeleka jikoni, asirudi nalo, basi nijue leo kwamba sikukubaliwa, kabla sijazoea kuingia nyumba ile nikiogopa.