Ufunguo kwenye Mlango Wazi

Mara ya kwanza nilimwita kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwitia chakula. "Junie!" Kiti chake mezani jikoni kilikuwa kitupu, kimesukumwa nyuma, na hedifoni zake zilikuwa zinaning'inia ukingoni. Ndani ya kompyuta Bi Pruitt, mwalimu mchangamfu ambaye hatukuwahi kuonana naye ana kwa ana, alikuwa anauliza, "Junie mpenzi, umetukimbia?" na nyuso za watoto wenzake zikawa zinachungulia kutoka kwenye vijisanduku vyao.

Mara ya pili niliita nikiwa ngazini. Mara ya tatu nilikuwa napiga kelele.

Nilitazama chini ya vitanda, nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya kabati la makoti. Mlango wa mbele na wa nyuma yote ilikuwa imetiwa komeo, na kwenye theluji ya uani hapakuwa na alama ya kiatu. Basi alikuwa ndani. Alikuwa ndani, ananisikia, na haitiki. "Junie, ni mama! Ni mimi!"

Na mimi ndiye niliyekuwa nimeapa kwamba akisomea nyumbani hatapatwa na kitu.

Kompyuta ile ililetwa ndani ya sanduku, tukaliweka mezani, na kwa siku kadhaa tukawa tunakula pembeni yake na kupitishiana chumvi juu yake bila mtu kulitaja. Ilikuwa shule ya umma, ya bure, halali sawa na ile ya matofali iliyo mjini kwetu, ila darasa lake lote limo mle ndani. Niliiagiza baada ya asubuhi moja ya Januari, simu za wazazi wote zilipolia kwa pamoja: shule imefungwa kwa ndani, huenda kuna mtu mwenye bunduki, msije, subirini. Nani angesubiri? Tulisimama kwenye baridi mbele ya kanisa la Walutheri, ng'ambo ya shule, tumeng'ang'aniana na watu ambao siku zote huwa tunaishia kupungiana nao mikono tu. Mwishowe ikajulikana kwamba mtu alisikia lori bovu likitoa mlipuko kwenye bomba la moshi akadhani ni risasi. Watoto wakatolewa kwa mistari. Junie, miaka saba, alitoka na suruali iliyolowa.

Mume wangu Dale ni fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto, na ni mtu wa utani hata msibani. Sanduku lilipofika alianza na utani.

"Kwa hiyo mtoto tunamweka kwenye friji kama jibini, asiharibike."

"Alijikojolea, Dale. Akiwa amejificha gizani."

"Unaniambia mimi? Nani alimbeba mpaka garini?" Utani ulikuwa umemtoka. "Lakini atacheza na nani, Corinne? Atagombana na nani? Mimi marafiki zangu wote niliwapata pale. Hata wewe nilikuokota pale."

"Bora akose marafiki."

"Leo unasema hivyo."

"Na kesho nitasema hivyohivyo. Marafiki watapatikana. Junie mwingine nitampata wapi?"

Tulikubaliana ajaribu wiki mbili. Zikiisha, ama tuirudishe kompyuta, ama jina lake lifutwe shule ya mjini.

Kusema kweli, siku zile nilipumua. Basi la manjano lilipita asubuhi bila kusimama, nami nikatia komeo, nikamkaangia pankeki, nikamtazama akisoma amevaa soksi za baba yake. Hesabu alikuwa anazipata zote.

"Umeona alivyotulia?" nilimwambia Dale.

"Naona. Ametulia mno," alisema, akaenda kunawa mikono.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Asubuhi ile nilikuwa chumba cha chini nakunja taulo, na theluji iliyokuwa imeganda juu ya paa la bati ikaachia yote kwa mpigo, ikaangukia varanda. Kishindo kilitikisa vyombo. Nilishtuka, nikajicheka, nikaendelea kukunja. Nilipopanda juu kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta kwenye kabati lilelile la makoti. Mara ya kwanza nilikuwa nimeona makoti tu. Safari hii niliyasukuma. Alikuwa ameketi nyuma ya nguo za baba yake za kuwindia, magoti kifuani, kiganja mdomoni, anahemea puani. Alinitazama kama mtu asiye na hakika ni nani amekuja.

"Junie! Mbona huitiki? Nimeita mpaka koo limekauka!"

Aliutoa mkono taratibu. "Haturuhusiwi."

"Hata mama akikuita?"

"Hata mama. Mtu mbaya anaweza kumlazimisha mtu mzuri aite." Alinieleza kwa subira, kama anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. "Unangoja mpaka usikie ufunguo mlangoni, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Mwalimu mkuu ndiye mwenye ufunguo."

Nikaingia, nikaketi kando yake. Mle ndani mlinuka majani makavu na mafuta ya bunduki.

"Ilikuwa theluji tu, mwanangu. Hapa nyumbani huna haja ya kujificha."

"Hapa ni pabaya zaidi," alisema.

"Kwa nini?"

"Shuleni tunashikana mikono. Mimi namshika Oren, kwa sababu yeye analia, na akilia tutasikika. Nikimbana hapa ananyamaza." Akakibana kidole gumba changu kuonyesha. "Hapa hakuna wa kumshika." Kisha akanigeukia. "Mama, sasa hivi Oren anashikwa na nani?"

Siku zote zile nilikuwa namwona mtoto aliyetoka na suruali iliyolowa. Sikujua kwamba mle gizani yeye ndiye aliyekuwa anamtuliza mwenzake. Nikaanza kulia, na Junie akakibana kidole changu tena ili ninyamaze.

Dale aliporudi nilimsimulia, nikingoja aseme "si nilikwambia." Badala yake aliketi na buti zake zenye theluji.

"Hakukuitika wewe mama yake?" alisema. "Basi abaki. Abaki hapahapa. Sasa ninaogopa mimi."

"Anamtaka Oren," nilimwambia.

Jumatatu alipanda basi. Nililifuata kwa gari nikakaa nje ya shule mpaka saa ya chakula, na waliopita wakaniona, na hakuna aliyenicheka. Mwaka ule hakikutokea kitu, wala uliofuata. Sisemi kwamba nilichagua vizuri. Nasema hakikutokea. Ila tangu siku ile, kila nilipoingia nyumbani, hata mlango ukiwa wazi, nilichomeka ufunguo kwanza na kuuzungusha, ndipo nikaita.

Junie sasa ni mtu mzima, anaishi Pittsburgh. Nywele zangu ni nyeupe na bado nashtuka simu ikilia asubuhi. Juzi alikuja bila kutuarifu. Nilikuwa jikoni, nimeacha mlango wazi hewa ipite, nikasikia hatua varandani, nikageukia mlango. Hatua zikasimama. Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

"Mama?" aliita.

Nikaitika.