Aletta wa Watoto Kumi na Saba

Ukoo wa Lategan ulikuwa na Mungu mbinguni na Aletta duniani, na kati ya hao wawili, Aletta ndiye aliyetajwa zaidi mezani. Aletta alizaa watoto kumi na saba. Aletta hakuwahi kuugua hata mafua. Aletta alijifungua alfajiri, na jua lilipokuwa utosini alikuwa ameshasimama anasukasuka maziwa atoe siagi. Mjukuu akilalamika kwamba mkate umekauka, anaambiwa Aletta alikula mkate wenye mchanga na akamshukuru Mungu kwa mchanga. Picha yake ilining'inia sebuleni kwa kila Lategan aliyekuwa na sebule: kikongwe mwenye kofia ya kitambaa iliyomfunika masikio, midomo kaibana kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Driekie aliolewa akaikuta picha hiyo ukutani pale Leeukuil, shamba la mumewe, na tangu siku hiyo ikawa mke mwenza. Alizaa mabinti wawili. Wa pili nusura aondoke naye. Daktari alimshona, akamwongezea damu za watu wengine, kisha akamwambia mbele ya mumewe kuwa tumbo hilo likibeba tena, watachagua jeneza. Mumewe, Faan, alisikia. Mama mkwe, Mama Marta, naye alisikia, ila kwa sikio lake mwenyewe.

"Madaktari wa siku hizi wanaogopa damu," alisema. "Aletta alikuwa na daktari gani? Shamba hili linataka mtoto wa kiume."

Mama Marta mwenyewe alizaa mmoja tu, huyo Faan. Lakini uzazi wake mchache ulihesabiwa kuwa mapenzi ya Mungu, na wa Driekie ukahesabiwa kuwa uvivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Mama Marta hakuwa na haja ya kuwajua. Faan naye alikuwa mwanamume wa kubeba ndama begani kuvuka mto uliofurika, ila mama yake akianza kusema, yeye huangalia viatu.

Mwaka ule ukoo uliamua kufanya sikukuu kubwa shambani, na kumwekea Aletta jiwe jipya la kaburi, la matale meusi, kubwa kuliko la mumewe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Baba Mkubwa Flip, kaka wa marehemu baba yake Faan, mtu ambaye hajawahi kukutana na kamati asiyoiongoza. Kikahitajika kitabu kidogo cha maisha ya Aletta. Mama Marta akamgeukia mkwewe.

"Utaandika wewe, Driekie. Una watoto wawili tu, nafasi unayo."

Basi Driekie akaishusha Biblia ya ukoo kutoka juu ya kabati, Biblia ya Kiholanzi cha zamani yenye uzito wa mwanakondoo. Ukurasa wa mbele, mumewe Aletta, Gerhardus Lategan, alikuwa ameandika kichwa cha maneno, "Watoto wangu," na chini yake majina na tarehe. Mama wa hao watoto hakutajwa. Pembeni, Gerhardus alipata nafasi ya kuandika msiba wa farasi wake, Prins, na jinsi alivyomlilia.

Driekie alipanga tarehe, akakwama. Akawaita wakubwa wake mezani, kwenye kahawa na biskuti kavu za kuchovya.

"Baba Mkubwa, hapa pana Petrus, kazaliwa mwezi wa tano. Na huyu Johanna, mwezi wa nane. Mwaka uleule."

Baba Mkubwa Flip akavaa miwani, akaitazama Biblia kama anayetazama injini ya trekta. "Mapacha," akasema.

"Mapacha waliopishana miezi mitatu?"

"Mmoja alichelewa. Barabara zilikuwa mbaya enzi hizo."

"Wanawake wa zamani walikuwa na nguvu," Mama Marta akakazia, akachovya biskuti yake. "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Ni ushuhuda mzuri."

Driekie hakuandika. Alikwenda mjini, kwenye kanisa lililombatiza kila Lategan, na mchungaji akamfungulia chumba cha vitabu vya zamani ambamo panya walikuwa wameshakula mitume wawili. Huko, tofauti na kwa Gerhardus, mtoto hakubatizwa bila mama kuandikwa, na mama hakuandikwa bila baba yake. Driekie alisoma kwa kidole. Aletta Susanna Pienaar, binti Andries. Akageuza kurasa. Aletta Susanna Pienaar, binti Barend. Akageuza tena. Aletta Susanna Pienaar, binti Cornelis.

Alikaa kitako sakafuni. Mtu wa huko hahitaji kuelezwa. Mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake, ndiyo desturi, na hakuna anayediriki kuivunja maana bibi yuko hai na anasikia. Bibi mmoja Aletta Susanna akizaa wana saba, basi kila mwana naye ana Aletta Susanna wake nyumbani, wa ukoo uleule, na kanisani ukiita jina wanageuka benchi zima. Gerhardus alipomzika mmoja, alitandika farasi akaenda kwa baba mdogo wa marehemu kuposa mwingine. Hata jina la kuitia kahawa hakulazimika kubadilisha.

Kitabu cha maziko kilikuwa rafu ya chini. Aletta, mke wa Gerhardus Lategan, umri miaka ishirini na saba, amekufa kwa uzazi, kazikwa shambani Leeukuil, karibu na ukuta wa zizi. Aliacha watoto sita. Miaka ikapita kurasa chache, akaja wa pili, miaka thelathini na mmoja, watoto watano. Sababu ya kifo, karani hakujisumbua. Aliandika, "Kama yule wa mwanzo."

Driekie akalia. Alililia hayo maneno manne kuliko alivyomlilia shangazi yake mwenyewe. Karibu na ukuta wa zizi pale nyumbani kulikuwa na marundo mawili ya mawe, na ukoo mzima ulijua kuwa moja ni la Prins na la pili ni la farasi mwingine. Wanawe walikalia marundo hayo wakila matunda.

Wa tatu ndiye aliyekuwa pichani. Alikuja mjane, na watoto wake wanne, na Gerhardus akawaingiza wote katika "Watoto wangu" kama mtu anayepokea kondoo wa jirani zizini. Ndiyo maana Petrus na Johanna walizaliwa mwaka mmoja bila kusumbua barabara. Alimzalia Gerhardus wawili zaidi. Kisha akafunga mlango wa chumba.

Hilo lilikuwamo katika kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, kwa sababu Gerhardus alikwenda kumshtaki mkewe huko. Wazee walimwita Aletta. Walimsomea maandiko, na hawakumsomea machache. Wakamuuliza anajitetea vipi, na karani akaandika jibu neno kwa neno, nadhani kwa kushindwa kuamini: "Kutoka chumba kile wametoka akina Aletta wawili, wamebebwa. Mimi nitatoka kwa miguu yangu." Wakamzuia asishiriki meza ya Bwana. Kila siku ya meza ya Bwana yeye alikuja, akakaa nje ya kanisa juu ya gari lake la ng'ombe, anafuma soksi, mpaka wazee wakachoka wao. Aliishi miaka tisini na mmoja, akawazika wote waliomhukumu.

Wazee wa ukoo walisimulia pia juu ya mtumishi mmoja, mwanamke wa Kisotho, aliyewalea hao watoto kumi na saba chini ya akina Aletta wote watatu, na Driekie alimtafuta naye. Jina lake halikuandikwa popote, hata kwa makosa.

Jioni ile alimweleza Faan yote, wamesimama kwenye uzio. Alipomaliza alisema, "Na mimi sizai tena, Faan. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Ninachotaka kujua ni kama uko na mimi au uko na mama yako."

Faan akaangalia viatu. "Tutaongea baada ya sikukuu."

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko mshono.

Kamati nayo ilipopewa habari haikuzipenda. "Jiwe limeshachongwa!" alisema Baba Mkubwa Flip. "Limeandikwa mama wa kumi na saba. Sasa nikawaambie nini watu? Kwamba tuna Aletta wa mwanzo, Aletta wa kati na Aletta wa akiba?"

"Waambie ukweli," Driekie akasema.

"Ukweli hauingii kwenye jiwe lile, mwanangu. Nafasi imekwisha."

Mama Marta alikuwa na fikra zaidi. "Hao wawili walikuwa dhaifu. Ndiyo maana tumewasahau."

Siku ya sikukuu walikuja akina Lategan kutoka kila pembe, wakaegesha magari mpaka kwenye mahindi. Nyama ilichomwa, soseji zilikunjwa juu ya makaa kama kamba, tati za maziwa, zile keki bapa za maziwa na mayai, zikapangwa kwenye meza ndefu chini ya turubai. Driekie akasimama na karatasi zake. Alisoma umri wa yule wa kwanza. Alisoma "Kama yule wa mwanzo." Alisoma jibu la wa tatu mbele ya wazee, na hapo wanawake kadhaa wazee, ambao tangu asubuhi walikuwa wakikosoa tati za wenzao, wakaacha kutafuna. Kibibi mmoja akasema kwa sauti, "Afadhali yake!" Mumewe akamkanyaga mguu.

Baba Mkubwa Flip akainuka haraka, akamshukuru Driekie kwa simulizi lenye kusisimua, akatangaza kuwa kila familia ina mapokeo yake, akavuta kitambaa. Jiwe likang'aa. ALETTA, MKE MMOJA MWAMINIFU, MAMA WA KUMI NA SABA. Watu wakapiga makofi, wakaimba zaburi, wakapiga picha. Mtoto mmoja akauliza wale farasi wamezikwa wapi, akaoneshwa.

Walipoketi kula, Mama Marta alijipakulia, akapangusa midomo, akasema ili meza yote isikie:

"Sawa, tukubali walikuwa watatu. Lakini hata huyo mkaidi wa mwisho alizaa sita kwanza, ndipo akafunga mlango. Mwingine hapa anafunga mlango na wawili, wa kike." Akamgeukia mwanawe. "Faan, mwanangu, mimi nazidi kuzeeka. Mjukuu wa kiume lini?"

Driekie aliweka uma chini. Hakumtazama mama mkwe wala jiwe. Alimtazama Faan, na Faan alikuwa akitazama chini ya meza, akitafuna pande la nyama taratibu, kama hajasikia. Baba Mkubwa Flip akakohoa. Mtu akaomba chumvi.

Faan akameza.

"Mama," akasema, "Babu Gerhardus alikuwa na akina Aletta wa kubadilisha. Mimi Driekie ninaye mmoja."

Chumvi ikabaki mkononi mwa aliyeishika. Faan, masikio yamemwiva kwa wekundu, akachukua kipande chenye mafuta kutoka sahani yake, kile ambacho hajawahi kumpa mtu, akamwekea mkewe.