Lipu Kwenye Ukuta wa Shangazi Biasha

Hafidha aliruka chini kutoka kwenye Fuso lililobeba milango ya mninga kutoka Mnero, akautazama ukuta, akahisi damu inampanda kichwani. Umepigwa lipu. Lipu ya saruji, mbichi, ya kijivu, kuanzia chini mpaka juu.

Jengo lile alilichora mwenyewe kwa ajili ya shangazi yake, Biasha: chini fremu mbili za maduka na chumba cha ushonaji, juu vyumba vya kuishi. Tofali zilikuwa za udongo mwekundu wa Nambilanje, zilizoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, fundi Masoudi aliupanga matundu matundu kama ususi wa mkeka, ili upepo upite. Aliuhangaikia karibu kiangazi chote. Sasa matundu yote yalikuwa yamezibwa.

"Nani kafanya hivi?"

Masoudi alikuwa amekalia ndoo. "Faridi. Kaja jana na mafundi wake, wakaanzia chini. Juu wamemalizia asubuhi hii."

"Na wewe ukakaa ukatazama? Simu huna?"

"Ni mtoto wa mwenye nyumba, dada. Ningemfukuzaje?"

Faridi akatokea ndani, miwani ya jua usoni. "Sista, punguza jazba. Mama yangu akae nyumba ya udongo, mjini Ruangwa? Washkaji Dar nimewaambia namjengea ghorofa. Watanicheka."

"Unamjengea wewe? Hata siku moja uliuliza tumefika wapi?"

Hakungoja jibu. Aliokota mwiko akaanza kubandua lipu, vipande vikimrukia gauni na uso. Faridi akamshika mkono.

"Niachie! Utaondoka hapa na alama."

Akamwachia.

Biasha alifika kwa bodaboda kutoka shambani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Faridi akamkimbilia. "Mama, mwambie huyu!"

"Nimwambie nini? Nilikaa naye tukachagua kila kitu. Nilitaka chumba cha kulala mchana bila kujipepea. Wewe nani kakuita?"

"Sikutaka uonekane maskini, mama."

"Mimi, au wewe?"

Biasha akajifunga khanga kiunoni, akaumwagia ukuta maji, akaanza kusugua kwa gunia. Masoudi naye akainuka. Faridi akaingia kwenye gari akaondoka bila kuaga.

Sehemu ya juu ilitoka. Ya chini, iliyopigwa jana yake, ilikuwa imekwisha kukamata na kuwa ngumu, na Masoudi alilazimika kuivunja na kuijenga upya. Udongo wa tofali mpya ukatoka rangi nyingine.

Maduka yalifunguliwa msimu wa ufuta. Wiki ileile Hafidha akaona picha kwenye simu: jengo lake, na chini yake Faridi ameandika, "Nimemjengea mama." Watu walikuwa wanampongeza.

Akampigia palepale. "Futa. Futa sasa hivi, kabla sijawaambia wote hao ulichofanya."

Faridi akafuta. Radhi hakuomba, na Hafidha hajapokea simu yake tangu siku hiyo.